Funguo Kumi na Nne za Avenue ya Mikaratusi

Katika mwezi wa nne wa mwaka 2003, mamlaka iliyokuwa ikiutawala mji wa Bunia kwa wakati ule iliwatangazia wananchi wote, kwa redio na kwa karatasi zilizobandikwa sokoni, kwamba hali ni shwari. Kwamba, kwa usalama wa watu na mali zao, kila mbwa wa mji lazima afungwe mnyororo usiku na mchana. Kwamba mbwa yeyote atakayeonekana akizurura atapigwa risasi papo hapo. Na kwamba mashefu wa avenue, wakuu wa mitaa, watawajibika wao wenyewe. Karatasi ilikuwa na mihuri miwili. Kuhusu wale wengine waliokuwa wakizurura mjini mwezi ule, wenye bunduki, haikusema kitu.

Augustin Katsuva, shefu wa Avenue ya Mikaratusi, aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Alikuwa karani wa posta, na posta haikuwa imepokea barua kwa miaka mingi. Hii ilikuwa karatasi ya kwanza kumfikia ikiwa na kazi ndani yake.

Avenue ilikuwa na mbwa kumi na wanne. Yeye mwenyewe hakufuga. Wenye mbwa waliwafunga kwa kamba mchana, shefu alipopita na filimbi yake, kisha giza likiingia wakawafungua, maana mbwa aliyefungwa anaweza kumtukana mwizi lakini hawezi kumfukuza. Shefu alipogundua mchezo huo hakugomba. Alirudi kutoka sokoni na minyororo na makufuli kumi na manne, akamfunga kila mbwa kwa mkono wake, hatua mbili tu za kutembea, na funguo akazitunga kwenye waya mmoja, waya akautia mfukoni. Jumapili baada ya misa alipita nyumba kwa nyumba kuwafungulia kwa saa moja, wanyooshe miguu.

"Saint-Pierre anapita!" walimtania, wakimfananisha na Mtakatifu Petro mwenye funguo za mbinguni. "Saint-Pierre, imbwa yangu itaingia mbinguni siku gani?"

"Dimanche," alijibu bila kucheka, kwa kuwa kweli siku ya kufunguliwa ilikuwa Jumapili.

Aliyemtania zaidi alikuwa Bijou, mwalimu wa shule ya msingi, mjane. Mbwa wake aliitwa Kanali hadi makanali walipoongezeka mjini na jina likawa la hatari kulitamka kwa ukali. Tangu hapo aliitwa Sivil, yaani raia. Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, mwoga wa kuku.

Mwezi wa tano, asubuhi moja, risasi zilianza upande wa juu. Watu wa avenue walikuwa wamekwisha kukimbia mara tatu katika miezi michache, na kila mara walirudi jioni wakakuta maharagwe bado mbichi chunguni. Kukimbia kulikuwa na utaratibu wake: mama hubeba mtoto na sufuria, baba hubeba godoro, na mbwa huachwa nyumbani alinde. Hakuna aliyefikiri mbwa wake ameachwa. Alikuwa kazini.

Kwenye daraja la mto Shari, Augustin alitia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kufutia jasho, akashika waya. Akasimama. Watu wakampita kwa pembeni, mmoja akamtukana.

"Nini?" aliuliza Honorine, mke wake.

Akamwonyesha. Honorine aliangalia funguo, akaangalia njia walikotoka. Milio ilikuwa bado ya mbali, na wengine walikuwa wakirudi nyuma kuchukua mbuzi, hata mashine ya kushonea.

"Turudie nyuma?"

"Magaribi tutakuwa kwetu," alisema Augustin.

Jioni hiyo ilichukua wiki tisa. Walifika Mambasa kwa miguu, wakalala kwa binamu. Siku ya nne baada ya kufika, Bijou aliwakuta kisimani, miguu imevimba, na kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa nyumba.

"Papa Shefu, na imbwa zetu?"

"Nilimuachia Mama Émilienne funguo."

Ilimtoka ikiwa imekamilika, kama barua iliyokwisha kupigwa muhuri. Mama Émilienne alikuwa mzee muuza samaki wa Tchomia, ambaye nyonga yake haikumruhusu kukimbia, na kila mtu alijua amebaki. Bijou alimshika Augustin mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Kuanzia siku ile wakimbizi wa avenue walimshukuru shefu wao kila walipokutana naye, na kila alipoketi, waya ulimchoma pajani. Angeweza kuutupa kwenye mto. Hakuutupa, funguo zilikuwa za watu.

Walirudi mwezi wa saba, askari wa kigeni walipokuwa wameutuliza mji. Augustin aliipita avenue peke yake, nyumba kwa nyumba, kama alivyozoea Jumapili. Milango ilikuwa imeng'olewa. Kwenye nyumba nane mnyororo ulikuwa ungali kwenye nguzo, na kufuli limefungwa. Kwa Bijou ardhi mbele ya mlango ilikuwa imechimbwa nusu duara, hatua mbili pande zote, sawasawa kama imepimwa na fundi.

Mama Émilienne alimkuta pale.

"Makufuli yako ni ya muzuri, Shefu," alisema. "Kabisa. Dady wa baiskeli alibakia pia, alikuya na musumeno yake ya chuma. Tulikata ya kwanza, ya pili, tukafika sita. Kwa ya saba musumeno ikavunjika. Imbwa zenye zilibakia tulipelekea mayi na vichwa vya samaki, siku zenye tuliweza kupita. Kiisha bakaanza kupiga bombe huku, hatukuweza tena."

Augustin aliugusa waya mfukoni. Mama Émilienne akaenda zake akichechemea.

Watu waliorudi walidhani mabomu yalimzuia Mama Émilienne kuwafikia wale wanane na funguo, wala hawakumuuliza, nao waliogopa wezi kuliko zamani. Walileta watoto wa mbwa kutoka Bogoro, wakawakamata na wale sita waliopona, wakawafunga wote tena kwa minyororo. Ndipo Mama Émilienne alipotangaza salongo. Salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, kila mtu aliijua: Jumamosi, majembe, mifereji, filimbi ya shefu. Hii ilikuwa ya mbwa. Dady, fundi wa baiskeli, angevuta waya mrefu kutoka nguzo ya nyumba hadi jikoni, na mnyororo ungeteleza juu yake, ili mbwa aweze kukimbia uwanja mzima. Wengine wangeleta vipande vya bashi, yaani turubai, kwa kivuli, na chungu cha maji kisichopinduka.

"Mama, batu bamekufa, na weye unafanyia imbwa salongo?" jirani mmoja alicheka.

"Batu siwezi kubafufua. Imbwa naweza kupelekea mayi. Kamata chungu."

Hakuna aliyejitolea kuliko Augustin. Alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Alichimba mashimo ya nguzo, alibeba maji madumu mawili mawili, alibembeleza kila mwenye nyumba aongeze urefu wa waya, kwa bidii ileile aliyotumia kuifupisha minyororo. Mbwa wale sita walimnusa wakarudi nyuma. Watu walisema shefu ana moyo. Kila Jumamosi alipanga kusema ukweli, na kila Jumamosi kulikuwa na shimo moja zaidi la kuchimba.

Bijou alichelewa kurudi. Alifika Jumamosi ya nne, wakati salongo iko uwanjani kwake, watu kama kumi na wawili. Aliiona nguzo. Aliuona mnyororo, kufuli, na ile nusu duara. Alikaribia nguzo, begi bado kichwani.

"Mama Émilienne," alisema, "nilikuwa nakuya kukushukuru. Njia yote nilikuwa napanga maneno. Sasa uniambie. Kama funguo ilikuwa kwako, Sivil alikufa namna gani hapa?"

Watu waliacha kazi. Mama Émilienne alikuwa amechuchumaa akikaza waya kwa koleo. Alizungusha waya mara moja, mara ya pili.

"Mama, nakuuliza! Tulilala Mambasa na roho baridi, bila wasiwasi, juu yako!"

Dady alimtazama Augustin. Mbali na shefu, yeye tu na mama mzee ndio waliojua kwamba makufuli sita yalikatwa kwa msumeno. Augustin aliliona koleo likizunguka mara ya tatu, ingawa waya ulikuwa umekwisha kukaza.

"Mama hakukuwa na funguo," alisema Augustin. Sauti ilikuwa ndogo, akalazimika kurudia. "Funguo ilikuwa kwangu. Nilitembea nayo. Kwa daraja nilijua, na ningeweza kurudia, sikurudia. Mambasa nilikudanganya."

Akautoa waya, funguo zote kumi na nne. Honorine, aliyekuwa ameshika chungu, alikiweka chini polepole.

Bijou hakupiga kelele. Aliupokea waya, akatua begi, akapiga goti kwenye nusu duara, akajaribu ufunguo mmoja, akajaribu mwingine. Hakuna aliyemsaidia. Ufunguo wa kumi na moja ulizunguka, na kufuli likafunguka bila shida, kama lilivyotengenezwa.

"Inafunguka muzuri," alisema.

Akauweka waya wa funguo juu ya begi lake, akaingia ndani ya nyumba isiyo na mlango, na siku ile hakutoka tena. Watu walitazama chini. Augustin alibaki amesimama, mikono mitupu, akingoja kufukuzwa.

"Shefu," alisema Mama Émilienne, "chungu iko bila mayi."

Augustin akaenda kuleta maji. Aliendelea kuleta kila Jumamosi, na Bijou aliendelea kutomsalimia, mwaka ule na uliofuata. Filimbi alimpa Dady. Mtaani walimwita Papa Augustin, wala hakuna aliyemtania tena.

Amri ya mwezi wa nne haikufutwa kamwe, kwa kuwa walioitia mihuri walikuwa wamekwisha kuondoka. Mbwa wanane wa avenue walikufa wakiwa wamefungwa kama ilivyoagizwa. Wale sita walizurura mjini mchana na usiku, wiki zote za vita, na hakuna hata mmoja aliyepigwa risasi.