Maziwa Yaliyoishika Dawa ya Dorcas

Karibu saa sita mchana. Jua la Bunia linachoma mabati mpaka kunguru wanaogopa kutua, na Dorcas amevaa koti la sufu. Anapita mtaa wa Ngezi, beseni la samaki wakavu wa Tchomia, kule ziwani, kichwani, akitembea kama mtu anayevuka tope.

"Mama Koti, uko naenda Ulaya leo?" anamtania mwendesha pikipiki.

"Niko nakungoja weye unilipie tiketi!"

Sauti inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Zamani, wazee wa Ngezi wanaapa, Dorcas akiita "Samakiii!" mbwa wa Tchomia walibweka, na samaki wenyewe wakageuza vichwa ndani ya beseni. Leo anabisha mlango kwa mlango.

Ilianza baridi. Uchovu ukafuata, nywele zikang'oka, shingo ikavimba. Wengine walisema uvivu, wengine uchawi. Mimba mbili zikatoka.

Daktari ndiye aliyetaja jina: tezi dundumio, ile ya chini ya koo, imelala. Hiyo ndiyo inayouamuru mwili upate joto, uwe na nguvu, utunze mimba. Akampa kidonge cha kila asubuhi, cha maisha yote.

Mamamkwe wake, Mama Bernadette, alipokea habari hiyo kwa moyo wote. Vita vilimwachia ng'ombe mmoja tu, na maziwa yake ndiyo anayouza. Lakini kikombe cha kwanza, chenye povu, kikawa cha Dorcas. Kwao mgonjwa hamezi dawa tumbo tupu, na mke wa mtoto hakatai maziwa.

"Alikuwa anasimama pale mpaka nimalize," anasema Dorcas. "Ata mama yangu mwenyewe hakunipendaka vile."

Akameza bila kukosa. Mimba ya tatu ikaingia. Nayo ikatoka: mtoto wa kike, tayari ana vidole.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Tharcisse alitazama majibu ya damu, akatikisa kichwa.

"Dawa unamezaka na nini?"

"Na maziwa ya mama. Ya moto moto."

Tharcisse akaweka kalamu chini. "Maziwa inashikaka ile dawa mu tumbo, haifike yote mu damu. Meza na mayi tu, mbele ya kula. Maziwa, unywe midi, saa sita."

Mama Bernadette alikuwa amekaa kwenye benchi, anasikia.

Tangu siku hiyo maziwa yote yanauzwa. "Mikono yangu iliua mujukuu," humwambia kila anayeuliza. Tharcisse alimweleza kwamba hakuna anayeweza kuapa hivyo, mimba hutoka kwa mengi. Hakusikia.

Dorcas sasa anameza kwa maji, kabla ya kuwasha moto. Anataka kujaribu tena, damu ikikaa sawa.

"Mutoto atakuja ao hatakuja, Mungu anajua," anasema. "Lakini akikuja, akute mama ya baba yake anaogopa kikombe? Hapana!"

Anatua beseni mbele ya mlango wa Mama Bernadette. Bibi kizee anajaza chupa za kuuza, hainui macho. Dorcas anakaza koti, anavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza leo anapaza sauti, mbovu hivyo hivyo:

"Mama! Midi imefika. Leta maziwa yangu!"

Mama Bernadette analitazama jua kwanza, kwa muda mrefu. Kisha anafuta mikono kwenye kitenge, anaingia ndani kutafuta kikombe.