Kisogo cha Nyanya

Mimi simwamini mtu anayekubali jambo haraka. Mwenye duka akinipunguzia bei kabla sijaomba, narudisha kitu mahali pake na kutoka. Kwa hiyo nyanya yangu alipokubali kwenye simu, bila hata kuuliza kazi yenyewe ni ipi, machale yakanicheza.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea michoro ya kompyuta, ile kazi ya kutengeneza sura na vitu kwenye skrini hadi mtu akadhani anaweza kuvishika. Mhadhiri wetu alitaka kila mmoja atengeneze kichwa cha mtu mzee. Kijana ni rahisi, alisema, ngozi ya mzee ndiyo inayomuumbua mwanafunzi mvivu. Unampiga mtu picha nyingi ukimzunguka, mbele, ubavuni, nyuma, juu, kisha programu inaziunganisha ziwe kichwa kimoja unachoweza kukigeuza utakavyo. Wenzangu walihangaika. Wazee wetu siku hizi hawapigwi picha ovyo. Wamesikia habari za watu waliopigwa picha za macho kwa pesa, na ukiwatolea kamera wanakuuliza unawauza kwa nani. Mwenzangu mmoja wa Marungu alifukuzwa na babu yake mzaa baba.

Sasa nyanya yangu, ambaye katika picha zote za harusi za familia hujificha nyuma ya mtu mnene, aniambie nije tu Jumapili baada ya kanisa? Wacha wee. Nilijua hapo kuna kitu.

Nilifika kwake Mwanda nikamkuta uani, kiti amekwisha kukiweka penye mwanga. Chai hakuna. Kwa nyanya, kumpokea mgeni bila chai ni kama kutomsalimia, na hilo likanizidishia wasiwasi. Nilipoanza na uso akaniambia niharakishe, uso wake anaujua. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nje ya nyumba, akainamisha shingo. Kisogoni, pale nywele zinapoishia, palikuwa na uvimbe kama yai la kanga.

"Hapo," akasema. "Piga vizuri, usiruke."

Ndipo akanieleza huku nikimzunguka na kamera. Mwaka uliotangulia mama yangu, ambaye ndiye bintiye mkubwa, alimpeleka kwa daktari. Daktari na mama wakaongea Kiingereza juu ya kichwa chake, wakaongea, wakaongea, kisha mama akamgeukia akamwambia ni mafuta tu. Nyanya alitaka kujua Kiingereza kirefu namna ile kinawezaje kuwa maneno matatu kwa Kiswahili. Nyumbani alijaribu kujitazama kwa vioo viwili, vikamshinda kuvielekeza, hakuona kitu. Aliwauliza wakaza wanawe, nao wakamwambia ni kadogo, wakiangalia pembeni. Basi aliposikia mjukuu wake ana mashine inayogeuza kichwa cha mtu, akaona hiyo haina sababu ya kumhurumia. Kama anakufa, alitaka kujua sasa, angali na nguvu za kugawa shamba kwa mdomo wake mwenyewe.

"Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua," akaniambia. "Lakini mimi sifichi. Mimi nafichwa."

Nilirudi nyumbani Voi nikimwangalia mama kwa jicho la pembe. Tulipokuwa tukila nilijikuta nasikiliza sauti yake akipokea simu, nani huyo, mbona anatoka nje kuongea. Siku kichwa kilipokamilika alikuja akasimama nyuma yangu. Nilikigeuza polepole, uso, sikio, kisogo. Akauliza kama nimeshamwonyesha nyanya. Nikasema bado.

"Basi hapo upunguze kwanza," akasema. "Si unaweza?"

Kuweza naweza. Programu ina brashi, unasugua mahali panalainika, na hiyo ni kazi ya dakika moja. Nikamuuliza daktari alisema nini hasa. Akasema mafuta. Nikamuuliza, kama ni mafuta, kwa nini nipunguze? Akasema anataka mama yake apate usingizi, basi, na akarudi jikoni. Nilikasirika. Mtu mwenye ukweli mkononi haombi brashi! Nikaamini kabisa kwamba nyanya anakufa na mama anajua.

Sikugusa kitu. Jumapili nyingine nikapandisha kompyuta Mwanda. Nyanya hakutaka nimgeuzie. Mkono mmoja aliuweka kwenye kompyuta, akikigeuza kichwa kwa kidole kimoja, na mwingine akaupeleka kisogoni, akawa anapapasa na kutazama, anapapasa na kutazama. Nilishukuru Mungu sikusugua, maana vidole vile vingenikamata pale pale.

"Basi si kadogo," akasema. Halafu, bila kuniangalia, akaniuliza kama mama aliniambia niuondoe uvimbe. Nikamwambia ndiyo. Akafunga kitambaa chake, akasema nimpeleke hospitali, mama naye awepo, ila daktari aongee na yeye, na aongee Kiswahili.

Tulienda watatu. Daktari wa safari hii alikuwa dada mpole, akaubonyeza ule uvimbe, akauliza kama unauma, akaupima kwa mashine, akatazama skrini yake kwa makini. Mimi nami nilikuwa namtazama yeye, nikingoja amkonyeze mama. Hakumkonyeza.

"Nyanya, haya ni mafuta," akasema. "Yamejikusanya chini ya ngozi. Ukitaka tutayatoa. Usipotaka, hayatakuua."

Nyanya akamtaka arudie. Akarudia. Nyanya akamuuliza kama wamewahi kukutana na huyu binti yake kabla ya leo na kuongea pembeni. Daktari akacheka, akasema hapana. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo hilo lilikuwa kwenye ulimi wangu.

Tulipotoka tukaketi kwenye benchi la nje. Nilidhani nyanya atafurahi, na nadhani alifurahi, ila furaha yake haionekani kwa haraka. Mama ndiye aliyekuwa na macho mekundu.

"Mama, nilikuambia mafuta," akasema. "Daktari amekuambia mafuta. Mimi nilikudanganya lini?"

Nyanya alikuwa anafunga kitambaa upya. Alimaliza fundo kwanza.

"Uliponiambia baba yako atarudi Jumamosi."

Nilikuwa darasa la sita babu alipolazwa Mombasa. Alikufa Alhamisi. Watu wazima wote walijua, na wote wakaogopa presha ya nyanya, wakamwacha bila kumwambia. Jumamosi gari likaingia uani, na babu alirudi kweli, ndani ya jeneza, na nyanya alikuwa amemchemshia ndizi.

Mama aliuchukua mkoba wa nyanya akaupakata, na hakuna aliyesimama mpaka mlinzi alipokuja kutuuliza kama tunangoja mtu.