Nilivyomsingizia Mzee Bakari kwa sababu ya pulsar

Asalaam aleikum wakuu.

Ninayoyaandika yamenikuta mwenyewe, na mengine yananitia aibu. Kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari moja huku Matuga. Mwaka jana nilipata nafasi kwenye kozi ya astrofizikia ya mtandaoni. Sharti lao moja: project yako ikiwa safi, unasomeshwa masters. Ukivurunda, jina linafutwa.

Project nikapewa pulsar.

Nilinuna, sifichi. Mimi nilitaka black hole, galaksi, mwanzo wa ulimwengu, vitu ambavyo ukiwahadithia wanafunzi darasa zima linanyamaza. Pulsar nikaona nimepewa mkia wa samaki na wenzangu wanagawana minofu.

Kwa wasioijua: nyota kubwa ikifa hulipuka. Kinachobaki katikati hujikandamiza mpaka kitu kizito kuliko jua kinakuwa mpira ambao upana wake ni kama kutoka Ukunda hadi Msambweni. Mpira huo unazunguka huku ukirusha mawimbi ya redio, na kila ukigeukia kwetu tunapata mpigo. Wangu unaitwa Vela, na unapiga kama mara kumi na moja kwa sekunde.

Dishi nililipata Diani, juu ya paa la hoteli iliyofungwa. Dishi kubwa, la enzi zile za TV za zamani. Mwenye hoteli alikubali, ila nisiguse kitu bila Mzee Bakari, fundi aliyebaki kuangalia mitambo. Mzee ni mtu wa Jego, mpole, na kila anachofanya anakiandika kwenye daftari kwa penseli.

Tulilielekeza kusini likae pale pale, Vela ipite yenyewe mbele yake mara moja kwa siku. Redio haijali jua, wakuu, unaweza kusikiliza nyota mchana kweupe. Mimi asubuhi niko darasani, kwa hiyo kazi ya kuwasha mtambo wa kurekodi nikamwachia yeye. Nikamwambia aanze saa nne na robo, na kila siku apunguze dakika nne, maana nyota huwahi kiasi hicho.

"InshaAllah," akasema, akaandika.

Siku ya kutuma kazi nilikuwa mbio mbio. Nikakaa staff room wakati wa break, nikanakili daftari la mzee kwenye fomu ya kozi. 4.15, 4.11, 4.07, nikashuka hivyo hivyo hadi mwisho.

Baada ya wiki mwalimu wa kozi akaniita kwa video. Mapigo yapo, akasema, na kasi yake ndiyo ya Vela hasa. Lakini saa nilizoandika ni za kabla ya alfajiri, wakati Vela ndiyo kwanza inachungulia kwenye upeo na dishi langu halitazami huko.

"Kwa hiyo ama ni kelele za mitambo, ama data imepikwa," akasema. Akanipa siku tatu nijieleze.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Bila kufikiri nikajibu, "Msaidizi wangu ni mzee, labda alikuwa anajiandikia tu."

Jumamosi nikashuka Diani nimefura. Nikamkuta amekaa na chupa ya chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Hata kukaa sikukaa. Nikamwonyesha daftari. "Mzee, hii 4.15 uliwasha kweli?"

Akanitazama. "Niliwasha. Kila siku nikimaliza chai yangu ya saa nne ndipo napanda."

Chai ya saa nne!

Wallahi nilitamani paa lile lipasuke linimeze. Mtu wa pwani, nimezaliwa Msambweni, nasema saa nne tangu nijue kusema, halafu nikishika fomu ya Kiingereza akili yote inahamia kwenye saa za Kiingereza. Saa nne ya mzee nikaifanya saa kumi ya alfajiri. Yeye hakukosea hata mstari mmoja.

Akauliza, "Kwani kuna nini?"

Nikamwambia yote, pamoja na nilivyomsema. Mzee akasema, "Ungeniuliza kwanza," akanimiminia chai. Machozi yalinilenga.

Jumatatu nikampigia mwalimu wa kozi, mzee kando yangu, nikaomba radhi mbele yao wote wawili. Mwalimu akataka picha za daftari. Alipoona zile dakika nne zinapungua siku baada ya siku bila kuruka, alicheka, akasema huyu mzee anaandika vizuri kuliko wanafunzi wake wengi. Nafasi yangu ikabaki. Kwenye ripoti jina la Mzee Bakari liko juu pamoja na langu.

Na ule mkia wa samaki? Nilijidanganya, wakuu. Kwa pulsar unajifunza nyota zinavyokufa, na maada inavyokuwa ikibanwa kupita kiasi. Mapigo ya masafa ya chini huchelewa kidogo kufika, na kwa kuchelewa huko unapima gesi iliyo kati ya nyota. Wapo wanaofuatilia pulsar nyingi kwa pamoja, kama saa zilizotawanywa angani, wakitafuta mitikisiko ya mvutano kutoka kwa zile black hole nilizozililia. Kila mlango wa astrofizikia niliotaka kuingia, pulsar ilikuwa imesimama hapo.

Lakini yote hayo yanategemea mtu kuandika saa yake sawasawa, na mwingine kuisoma sawasawa. Mzee alifanya lake.

Siku hizi bado ananiwashia dishi. Ila tarakimu ameacha. Kila mstari anaandika kwa maneno, kama "saa moja na robo, asubuhi," na hilo neno la mwisho analipigia mstari chini. Hajawahi kulitaja tena, lakini kila nikifungua daftari linanichoma.

Nani hapa amewahi kumtupia lawama mtu aliyekuwa sahihi? Mlimalizana vipi? Semeni, nipo nasoma.