Wasomi wa Asia ya Kusini-Mashariki waliuliza asili ya mtambuu wetu, na nyanya akawaitikia wote

Wakuu, salaam alaikum na hamjambo.

Mimi humu husoma tu, huwa sichangii. Hata darasani nikijua jibu huinamisha kichwa mwalimu asinione. Lakini jambo hili limenikaa kifuani tangu likizo ya Agosti, na daftari langu la kila siku halijui kujibu, kwa hivyo nimelileta kwenu.

Sitaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimeyaficha.

Niko form three. Nakaa na nyanya yangu Jomvu Kuu, wawili tu. Nyuma ya nyumba kuna mtambuu umeparamia mfenesi. Kwa wasioujua, ni mmea unaotambaa, majani yake ndiyo watu wazima hutafuna pamoja na popoo, ile kokwa ngumu, na chokaa mpaka midomo iwe myekundu. Nyanya hutafuna kila siku baada ya asri, hakosi.

Sasa, mjomba wangu ambaye ni mwalimu akapiga simu. Ana wageni watatu wa chuo kikuu, waliobobea Asia ya Kusini-Mashariki, kila mmoja na fani yake, na wanataka kuzungumza na nyanya.

Nikafungua atlasi. Indonesia, Malaysia, Ufilipino, zote ziko ng'ambo ya bahari. Mtu anayetaka habari za Indonesia afuate nini Jomvu?

Mjomba akasema eti kuna mimea iliyotoka huko zamani, na mtambuu ni mmoja wao, kwa hivyo wanafuatilia ulifikaje huku. Nikasema sawa. Sikuelewa, lakini nikasema sawa.

Walikuwa hawa. Profesa wa historia, Mzungu mzee mwenye Kiswahili kilichonyooka kushinda changu. Dakta wa mimea, mama mfupi, mzaliwa wa Java huko huko Indonesia, Kiswahili chake cha polepole. Na Kazungu, kijana wa Kilifi anayefanya PhD ya mila.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka kahawa na mahamri. Niliipenda, maana haina maneno.

Kila mmoja alikuja na siku yake, kwa sababu eti kila fani ina maswali yake.

Jumatatu, Profesa. "Bibi, mtambuu huu wazee wenu walikuja nao kutoka ng'ambo, zamani za kale, sivyo?"

Nyanya akatabasamu. "Naam mwanangu, ndivyo."

Profesa akaandika ukurasa mzima.

Jumanne, Dakta. "Mama, huu uliletwa na Wahindi? Si zamani sana?"

"Naam mama, ndivyo."

Jumatano, Kazungu. "Nyanya, lakini huu si mliupata kwetu sisi Wagiriama, mkatupa samaki?"

"Ehe baba. Ndivyo."

Kazungu akacheka kwa furaha, akala mahamri sita.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze. Nyanya hamwambii mgeni "la". Ndivyo alivyolelewa, kumkatalia mgeni ni kama kumfungia mlango. Siku moja mtu aliyepotea njia alipiga hodi akauliza kama hapa ndipo kwa fundi cherehani. Nyanya akamwambia naam, karibu, akamtilia juisi ya ukwaju. Alipomaliza kunywa ndipo akamwelekeza taratibu kwamba fundi yuko nyumba ya tatu.

Wageni wa kawaida hili wanalijua. Hawa walikuwa na recorder.

Na mimi nilikuwa naujua ukweli. Mwaka jana, akinipaka mafuta kichwani, nyanya aliniambia mtambuu ule ulikotoka, nikaandika kwenye daftari. Haikuwa hata moja kati ya hizo tatu. Akamaliza kwa kusema, "Hii ni yetu mimi nawe."

Alhamisi wakaja wote pamoja. Wakakaa barazani wakalinganisha notes, na ugomvi ukaanza. Kila mmoja alikuwa na nyanya kama shahidi wake.

"Ameniambia kwa mdomo wake," Profesa akasema.

"Na mimi pia kwa mdomo wake," Kazungu akajibu. "Ama ana midomo mingapi?"

Nyanya alikuwa ndani, anasikia yote.

Mwishowe Dakta akaona njia ya kukata shauri. Wachukue kipande cha shina la chini kabisa, lile kongwe, wakalipime umri. Akamwendea nyanya kwa heshima zote.

"Mama, kesho asubuhi tukate hapa chini. Unaruhusu?"

"Naam mama, ndivyo. Mti si wenu?"

Wakuu, lile shina ni moja tu. Ukilikata chini, juu kunabaki nini?

Siku hiyo baada ya asri nyanya hakutafuna. Aliketi kuuelekea mtambuu, kijaluba chake cha tambuu kimefungwa mapajani.

Nikafikiri nimwambie mjomba aliyekuwa amewaleta, lakini alikuwa ameshaenda zake Changamwe. Nikafikiri nimwambie nyanya akatae. Hiyo ilikuwa kama kumwambia avue buibui sokoni.

Ijumaa nikachana karatasi ya daftari. Niliandika mara nne ndipo ikakaa sawa:

"Dakta, samahani. Nyanya hamwambii mgeni la. Mkimuuliza swali la ndiyo au la, atasema ndiyo. Shina ni moja tu. Tafadhali."

Siri ya nyanya sikuiandika. Nikaiweka karatasi chini ya kisahani cha kahawa, nikakimbilia jikoni.

Kupitia dirishani nikamwona Dakta akisoma kwa kidole, neno moja moja. Akampa Profesa. Profesa akasoma, uso ukawa kama nyanya, ya kupikia. Akalifunga daftari lake.

Dakta akanifuata jikoni. "Nyanya yangu Java, vile vile," akaniambia. "Nimelelewa naye. Nimesoma mpaka nimesahau."

Akarudisha kisu mkobani. Akaenda akaketi mkekani karibu na nyanya, bila recorder, bila swali. Akachukua jani, akalipaka chokaa kwa ncha ya kidole, akatia popoo, akalikunja, akatafuna.

Nyanya akamtazama mkono. "Nani aliyekufunza?"

"Nyanya."

Wakatafuna pamoja, muda mrefu. Kisha nyanya akasema mwenyewe, kama anayeuambia ukuta.

"Huu alinipa mke mwenzangu. Miaka saba hatusemezani. Siku moja akaja kutoka Likoni na kijiti amekifunga kwa kitambaa cha maji, akakipanda kwa mkono wake. Tukatafuna, yakaisha. Yeye alikoutoa sikumuuliza."

Profesa akafungua mdomo. Kazungu akamkanyaga mguu.

Waliondoka na majani matatu na vipandikizi viwili vya juu, alivyovikata nyanya mwenyewe. Swali lao halikujibiwa. Sijui wataandika nini.

Walipotoka tu, nyanya akaniita. "Ndoo hapa."

"Abee."

"Ni wewe uliyewaambia?"

"Ni mimi, nyanya."

Nikauliza, "Umenisamehe?"

"Naam mwanangu, ndivyo."

Sauti ile ile. Tabasamu lile lile alilowapa maprofesa.

Tangu siku hiyo kila nikimuuliza kitu ni naam. Niende tuition? Naam. Chai ina sukari ya kutosha? Naam, tamu. Nimekuwa mgeni ndani ya nyumba yetu, natiliwa juisi.

Funzo nililopata, nadhani, ni kwamba swali linalokuja limebeba jibu lake halileti kitu. Lakini pia nadhani ni kwamba staha ya mtu mzima ina thamani zaidi kuliko mti. Haya mawili yanagombana kichwani na sijui lipi lishinde. Mtambuu uko hai, hilo najua.

Nyinyi mngenyamaza ukatwe, ama mngeandika? Niambieni, hata kwa ukali. Ila msinitukane sana, mimi ni mwoga.

NYONGEZA, siku tisa baadaye: Nimesoma majibu yenu, ahsanteni. Leo baada ya asri nilikuwa namkatia nyanya popoo. Akanitazama weee, kisha akaninyang'anya mkasi.

"La," akasema. "La, la, la. Sivyo. Utakufa hujui kukata popoo, wewe."

Nimeingia chumbani nimelia. Kwenye daftari nimeandika tarehe na neno hilo moja tu.