Siku Niliyohesabu Watu Kule Ziwa Chala

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe. Halikumpata rafiki ya rafiki, wala sikulisoma kwenye simu. Nalisema mapema kwa sababu mimi ndiye yule mtu wa kila ukoo anayeharibu hadithi za wenzake. Mtu akisema ameona mzimu, mimi ndiye huuliza kulikuwa na mwanga kiasi gani na alikuwa amekunywa nini. Nilisoma takwimu chuo kikuu, na kazi yangu ni kupiga hodi kwenye nyumba za watu na kuwauliza, mko wangapi hapa? Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Kwetu ni Kitengela. Sisi ni Wakikuyu, na baba alihamia huku kwa sababu ya vitunguu. Alikuwa akivinunua Kimana, kwenye yale mashamba ya kumwagilia, na kuviuza Nairobi. Shule zikifungwa alitupakia kwenye pickup yake tukaenda naye. Vijana wake wa kazi wakibaki Kimana wakijaza magunia, yeye alitupeleka mbele zaidi, tukapita Loitokitok, tukapita Rombo, mpaka Ziwa Chala.

Umewahi kufika? Ni ziwa lililokaa ndani ya shimo la mlima, chini ya Kilimanjaro. Huku juu huoni dalili yoyote ya maji, ni miiba na mawe tu. Kisha unafika ukingoni, unatazama chini, na unasahau ulichokuwa ukisema. Asubuhi maji ni ya buluu kama wino wa shule, na mchana yanageuka kijani. Baba alikuwa akitangulia kushuka, ananawa uso, halafu anamwita mama kwa sauti, "Nyambura, shuka! Njoo uoshe vumbi la Kitengela!" Mama alikuwa akilalamika njia nzima kuhusu viatu vyake, lakini alishuka, mkono wake ndani ya mkono wa baba. Nyumbani hawakuwa watu wa kushikana mikono. Sikumbuki hata mara moja, wala kanisani, wala harusini. Ni Chala tu.

Baba alifariki nikiwa chuoni. Pickup ikauzwa, na hakuna aliyetaja Chala tena.

Halafu macho ya mama yakaanza kuharibika. Presha ya macho, daktari alisema, na tulikuwa tumechelewa kuigundua. Kuona kwake kulianza kufifia pembeni kukija katikati, mpaka ikawa kama mtu anayechungulia dunia kupitia bomba. Alianza kutembea ndani ya nyumba akipapasa ukuta. Jumapili moja tulikuwa tumekusanyika kwake baada ya kanisa, tukipanga wikendi ya pamoja mahali popote. Kaka yangu Kamau alitaka Naivasha. Dada yangu mdogo, Njeri, alitaka hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mama akasema, "Mimi nataka kuona yale maji ya Chala. Mara moja tu, kabla taa haijazima."

Nani angebisha? Hapo hapo nikachukua mipango mikononi mwangu, maana hakuna anayeniamini kwa mapishi, lakini kwa mipango wananiamini. Nilihitaji kujua viti vya gari, vitanda vya nyumba ya wageni kule Loitokitok, na chakula. Nikasimama katikati ya sebule, nikanyoosha kidole, nikaanza. Mama. Mimi. Kamau na mkewe na watoto wao watatu. Njeri na mumewe.

"We msichana," mama akasema, "weka hicho kidole chini."

"Mama, nahesabu viti tu."

"Viti havina pua. Unahesabu watu. Watu hawahesabiwi."

Kamau akacheka. "Prof, hesabu mbuzi, wacha watu."

"Hata mbuzi hawahesabiwi," mama akamwambia. "Mchungaji anaangalia nani hayuko."

Kama hujalelewa na mama wa Kikuyu, acha nikueleze. Wazee wetu waliogopa kuhesabu watu, kwa sababu ukishataja idadi ni kama umefunga mlango, na kifo kinajua pa kupunguza. Hasa kumi haitajwi. Watu wakifika kumi unasema kenda mũiyũru, yaani tisa kamili, halafu unanyamaza. Mimi niliona ni ujinga mtamu tu wa kizamani. Kumi inafuata tisa, na haijawahi kuua mtu. Nilimwambia mama hivyo, na akanijibu, "Sawa, wewe umesoma," kwa ile sauti ambayo inamaanisha kwamba hujasoma kitu.

Siku moja kabla ya safari alipika chapati. Hakuhesabu. Alisukuma kila moja akitaja mwenyewe: hii ya Kamau, hii ya Njeri, hii ya yule mdogo asiyependa iliyoungua. Nilikuwa pale nikigeuza. Donge la mwisho alilisukuma bila kutaja jina, polepole kuliko mengine.

"Na hiyo ni ya nani?"

"Geuza, itaungua."

Tuliondoka Jumamosi na van ya kukodi, Kamau akiendesha. Tulichelewa, kama familia zote. Pale Kimana tulisimama kwa sababu mama alitaka kunusa vitunguu, na niamini, alisimama kati ya magunia amefumba macho mpaka muuzaji akamsalimia mara mbili, "Sopa, mama," ndipo akaitika. Watu walipokuwa wakipanda gari nikawahesabu kimoyomoyo. Nikapata mmoja zaidi. Nikarudia, nikapata tisa. Kosa la kawaida, nikajiambia, umejihesabu mara mbili. Kazini tunaliita kosa la mhesabuji, na lina dawa yake, ambayo ni kurudia.

Tulipofika ukingoni mwa Chala jua lilikuwa limeanza kwenda nyuma ya Kilimanjaro. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hilo. Mlima uko upande wa magharibi, na shimo lile huingia kivuli mapema wakati huku juu bado ni mchana. Nilimshika mama mabega, nikamwelekeza.

"Unaona?"

Akatazama kwa muda mrefu. "Naona shimo," akasema. "Shimo jeusi tu."

Nilitaka kulia. Tulikuwa tumekuja njia yote hiyo.

"Basi nitashuka," akasema. "Karibu nitayaona."

"Mum, hapana," Kamau akasema. "Hiyo njia ni mawe matupu. Ukianguka hapa tutawaambia watu nini?"

Mume wa Njeri, mtu mpole mwenye mabega mapana, akajitolea kumbeba mgongoni. Mama akamwambia, "Asante, mwanangu, lakini mimi si gunia la vitunguu." Mpaka watoto wakacheka. Tukakubaliana kwamba wengine washuke na watoto wakanawe uso, na mimi nibaki naye juu, halafu kesho tumlete asubuhi na mapema. Wakashuka. Upepo ukaanza. Nikamkalisha kwenye jiwe, nikaenda kumchukulia shuka garini, hatua chache tu kutoka pale. Niliporudi, jiwe lilikuwa tupu.

Nilikimbilia ukingo nikatazama chini, na moyo ukatulia mara moja. Wote walikuwa kwenye njia. Watoto mbele, kisha Kamau na mkewe, kisha Njeri na mumewe, na nyuma kidogo, mama. Alikuwa akishuka kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Hakupapasa kitu. Alikuwa ameshikwa mkono.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo hata mimi hujiuliza maswali. Baba ndiye aliyekuwa amemshika, na mimi sikushtuka. Unaelewa? Nilimwona na sweta yake ya kahawia na ile kofia ya kuendea Kimana, na haikunijia hata kidogo kwamba yule ni marehemu. Ilikuwa kama kumwona Kamau, au Njeri. Nilichohisi ni raha, ile raha ya zamani ya kukaa nyuma ya pickup, jua likizama, nikijua kwamba wenye kujua njia wako mbele. Nikafanya ninachofanya kila siku ya maisha yangu. Nikanyoosha kidole, nikawahesabu kutoka mbele mpaka nyuma, nikamalizia na mimi mwenyewe hapa juu, na nikapaza sauti kwa furaha:

"Kumi! Tuko kumi!"

Kuta za lile shimo zikanirudishia neno hilo, na kulirudia tena.

Wote wakainua vichwa. Na baba pia akainua. Aliweka kiganja juu ya macho kama mtu aliyeitwa kwa nyuma wakati anaondoka, akanitazama. Hakuwa na hasira, namshukuru Mungu kwa hilo. Alionekana kama mtu aliyekumbushwa jambo. Halafu mama alikuwa peke yake katikati ya mawe, mkono wake bado umenyooshwa pembeni, vidole vimekunjwa kushika kitu kisichokuwepo. Akaketi chini pale pale.

Kamau alipanda mbio. Nilimsikia akifoka kabla hajamfikia. "Nani amemleta mama mpaka hapa? Nani?" Njeri alidhani ni mimi. Mume wa Njeri alidhani ni Kamau. Mke wa Kamau alisema alisikia hatua za watu wawili nyuma ya Njeri na mumewe muda wote, za mama na za mtu mwingine, na hakugeuka kwa sababu alijua mama yuko salama. Alijuaje?

Mama alikubali kubebwa mgongoni kurudi juu. Maji hakuyafikia. Usiku ule Loitokitok alikataa kabisa habari ya kurudi asubuhi, na hakutoa sababu.

Najua unachofikiri, kwa sababu nilikifikiri kabla yako. Uchovu wa safari. Kivuli. Kumbukumbu inayocheza na akili ya mtu aliyefiwa. Nimeyaandika yote hayo mezani, nikayapima, na mengine yana uzito. Lakini niambie, mwanamke asiyeweza kutoka jikoni kwake mpaka getini bila ukuta alishukaje njia ile ya mawe bila kujikwaa hata mara moja? Nimeuliza watu wenye elimu kunizidi. Wanatabasamu, wananiuliza kama nimelala vizuri.

Tangu siku ile siwezi kazi yangu kama zamani. Nikiingia nyumba ya watu, siulizi mko wangapi. Nasema, nitajieni majina, na idadi naiweka kwenye fomu baadaye nikiwa peke yangu nje, na hata hapo nikifika kumi huiandika haraka na kufunga fomu. Msimamizi wangu ananiona mtu wa ajabu. Acha anione.

Macho ya mama yalizima kabla ya mvua ndefu. Sasa hukaa kibarazani asubuhi, anasikiliza punda wanaobeba maji wakipita, na anakujua kwa namna unavyofungua geti. Kwa miezi mingi nilimwogopa. Nilikuwa nikimtazama na kujiambia, alikuwa na siku moja tu ya kuyaona yale maji, na ni mimi niliyemkatia njiani. Mwishowe nikashindwa kunyamaza. Nilikuwa namchambulia maharagwe, yeye ameshika sufuria, nikamwambia, "Mama, nisamehe. Ulikuwa umebakisha kidogo tu kufika. Ungeyaona."

Akageuza uso kuelekea sauti yangu, na alikuwa anashangaa kweli.

"Maji gani?" akasema. "Nilipita njia yote nikimwangalia baba yako. Ningeangalia maji nikitafuta nini?"

Kwa hivyo nakuonya, na usiniulize ushahidi. Ukipanga safari na watu wako, panga viti, panga vitanda, chapati zipikwe kwa majina. Wakishashuka garini na jua likaanza kuinama, kidole kikae mfukoni. Waangalie tu, mmoja mmoja, kwa muda mrefu uwezavyo, na ukimwona ambaye hukumtegemea, usiseme kitu.