Saa ya kalori kwa fundi cherehani

Juzi, kwa fundi cherehani wetu hapa Gisenyi, mteja alileta suruali iongezwe kiuno. Alitusimulia safari yake ya Kigali akirusharusha mikono yote miwili hewani, kisha akatazama saa yake ya mazoezi: "Nimechoma kalori mia mbili!"

Fundi, mama anayekanyaga cherehani tangu asubuhi, akaomba aijaribu. Akaivaa, akamalizia gauni alilokuwa akishona, miguu haitulii, mikono imetulia juu ya kitambaa, jasho linamtoka. Saa ikatetemeka. Mteja akasoma: "Umekaa sana. Simama utembee."

"Donc, yaani mi niko nakaa tu?" Fundi akaivua, akachukua futi ya kupimia. "Bon, haya papa, karibia. Hii haijue uongo."

Mteja akabana tumbo. Kumbe hata futi hudanganywa. Suruali ndiyo haidanganyiki.