Jibu Moja kwa Wote

Simu ya fundi lifti ilikuwa na adabu kuliko mwenyewe. Yeye ukimsalimu asubuhi anakujibu kwa mguno, na hapo una bahati. Lakini ukimpigia akiwa ndani ya shimo la lifti, mikono imejaa grisi, simu inakukata kwa upole na kukuandikia: "Samahani, niko kazini. Nikimaliza nitakupigia." Waliomjua walikuwa wakiisoma hiyo samahani na kucheka. Kinywani mwake hawajawahi kuisikia.

Aliipanga mwenyewe. Simuni alikuwa na programu ya kuamrisha simu ijifanyie mambo, na humo kila jambo unalolipanga linaitwa kazi. Alitengeneza kazi ya mama yake, ya mkewe, ya msimamizi wake, na ya kaka yake kinyozi: fulani akipiga nikiwa shimoni, fanya hivi. Mama akipiga, simu itetemeke kwanza mfukoni ili ajue ni yeye. Msimamizi awekewe alama nyekundu. Kaka asiwekewe kitu. Ila maneno ya kujibu hakuyaandika upya kwa kila mtu. Aliyaandika pahali pamoja tu, kwenye kazi aliyoiita Kata Ujibu, na zile kazi nyingine zote zikifika mwisho zinaiita hiyo ije imalizie. Jambo hili lilimpa kiburi cha ajabu. Alimweleza mkewe mezani, kidole kikipita hewani.

"Ukibadilisha pale pamoja, kote kumebadilika. Huhangaiki."

"Nisogezee chumvi," mkewe akasema.

Sasa, fundi huyu na kaka yake walikuwa paka na panya tangu utotoni, na safari hii walikuwa wanamgombea mama. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, aliishi peke yake, na hospitali ilikuwa imemwandikia upasuaji wiki ya mwisho ya mwezi. Baada ya hapo ilibidi akae kwa mmoja wa wanawe. Alimchagua mdogo, kwa sababu nyumbani kwa kinyozi kuna ngazi. Fundi alipaka chumba rangi, akahamisha swichi ya taa mpaka karibu na kitanda, akafunga bomba la chuma ukutani toka kitandani hadi chooni ili mama ashike akitembea. Kila skrubu aliikaza kwa mapenzi, na kila skrubu aliikaza pia kwa kumkomoa kaka yake. Mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa mkono mmoja.

Jumapili akaenda kunyolewa. Ugomvi wote ule, lakini kichwa chake hakijawahi kuguswa na kinyozi mwingine. Akakaa kwenye kiti, akafungwa kitambaa shingoni, akangoja mashine ifike katikati ya kichwa ndipo atoe lake.

"Mama anakuja kwangu. Amesema mwenyewe."

Kinyozi hakusimamisha mashine. Aliwatazama wateja waliokaa kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine.

"Mwombeeni mama yangu," akawaambia. "Huko anakokwenda, akiita maji ya kunywa atajibiwa na simu: samahani, niko kazini."

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Fundi akanyanyuka, akang'oa kitambaa, akatoka nje na nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina. Alikasirika kweli. Si kwamba maneno yalikuwa ya uongo. Yangekuwa ya uongo angecheka naye.

Akajifungia kwenye gari la kazi, akavaa kofia, akatoa simu. Akafungua kazi ya kaka. Humo hamkuwa na chochote ila mstari mmoja, ule unaoiita Kata Ujibu. Akaubonyeza, na simu ikamtoa kwenye kazi ya kaka ikamwingiza kwenye ile ya pamoja. Siku nyingine angeona. Jina liliandikwa juu kwa herufi nene, na yeye ndiye aliyeliandika. Lakini aliyekuwa anaona pale hakuwa fundi, ilikuwa ni hasira, na hasira haisomi vichwa vya habari. Akaifuta samahani. Akaandika: "Usinitafute tena. Kuanzia leo mimi na wewe basi." Akahifadhi. Akajisikia vizuri kiasi cha kupiga mluzi njia nzima.

Jumatatu alishuka shimoni kwenye jengo la ofisi, lifti imekwama kati ya ghorofa mbili. Alikuwa amechuchumaa juu ya paa la lifti, tochi mdomoni, simu ikatetemeka mfukoni. Mama. Akatabasamu na tochi yake. Alijua simu inamjibu kwa heshima. Baada ya muda mfupi ikatetemeka tena, na tena. Wazee wana haraka, akawaza, nikimaliza nitampigia.

Hakumaliza. Msimamizi wake alifika mwenyewe, mtu mnene asiyependa kupanda ngazi, na alikuwa amezipanda. Akasimama kwenye mlango wa lifti uliofunguliwa kwa nguvu, akamnyooshea simu kule chini.

"Kama umeacha kazi ungekuja kuniambia usoni. Mimi na wewe basi? Tumeoana?"

Fundi alisoma maneno yake mwenyewe kwenye simu ya mtu mwingine. Alielewa papo hapo, maana upumbavu ule alikuwa ameujenga kwa ustadi. Msimamizi aliendelea kusema, ila yeye hakusikia tena. Alikuwa anahesabu ile mitetemo.

Alimpigia mama. Simu imezimwa. Alijua leo mama ana siku ya kupimwa macho, akaenda hospitali na grisi yake. Muuguzi wa kliniki ya macho alimtazama toka kofia hadi viatu alipojitambulisha.

"Wewe ndiye yule mtoto," akasema.

Akamweleza, wala hakujisumbua kuteremsha sauti. Mama alikuja asubuhi kupimwa tu. Mgonjwa mmoja hakutokea, nafasi ikapatikana, daktari akasema afanyiwe leo hii jicho la kwanza akiwa na mtu wa kumpokea. Mama akafurahi. Akasema nina mwanangu, ameshaniandalia na chumba. Akampigia. Ujumbe ukaja, na kwa kuwa macho yake hayasomi, akampa muuguzi amsomee.

"Nikasoma kwa sauti, mimi nilijua ni salamu. Benchi lote limejaa watu. Akasema hapana, nimekosea kusoma. Akapiga tena, nikasoma tena. Mara ya tatu akaniambia inatosha, akaizima. Akaomba simu yangu ampigie mwanawe mwingine."

Kule kwa kinyozi fundi alizipanda ngazi mbilimbili. Kaka yake alimfungulia mlango na kumpisha. Mama alikuwa amekaa kitandani, jicho moja limefungwa bandeji, mikono magotini. Fundi akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Tangu azaliwe, fundi hajawahi kutoa shikamoo ikabaki hewani namna ile, na hakujua aiweke wapi. Akaanza kueleza. Kwamba simu hujibu yenyewe. Kwamba kuna kazi inayoitwa na kazi nyingine, kwamba alikuwa na haraka, akabadilisha pasipo pake. Alieleza vizuri sana, kwa mpangilio, jinsi alivyomweleza mkewe mezani.

"Kwa hiyo mama, ujumbe ule haukuwa wako. Wallahi haukuwa wako."

"Ulikuwa wa nani?"

Fundi akaikunja kofia mkononi. Nyuma yake kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Nakuuliza. Umeandika maneno yale kwa mkono wako. Ulikuwa unamwandikia nani?"

"Kaka," akasema, chinichini.

 Kisha mama akageuza uso, akamtafuta kwa lile jicho moja lililobaki, ambalo nalo halioni vizuri.

"Tangu asubuhi nimeficha," akasema. "Kaka yako aliniuliza mbona hukupokea, nikamwambia una kazi nyingi. Nililala pale wananipasua jicho najiuliza nimekukosea nini, nikasema akija nitamwomba radhi. Ungekuwa wangu ule ujumbe ningeumeza. Mzazi anameza mengi. Sasa unaniambia si wangu, nifurahi?"

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe cha mwenzako? Mwenyewe huyo, muombe."

Fundi akageuka. Kinyozi alikuwa anakitazama kile kichwa, upande alioupitishia mashine na upande ulioachwa. Fundi akafungua kinywa. Neno lenyewe alilijua; simu yake ilikuwa imelitamka kwa watu wote, asubuhi na jioni, kwa miaka. Likagoma. Kinyozi alingoja kiasi cha mtu kungoja, kisha akampita, akaweka bakuli mezani, akamshika mama mkono aone kijiko kilipo.

"Funga mlango ukitoka," akamwambia bila kumwangalia.

Siku ya pili, shimoni, fundi alikuwa amenyoa ile nusu nyingine mwenyewe na kujikata mara kadhaa. Ujumbe alishaurudisha kama zamani, mahali pamoja, na kote ukawa umebadilika. Nyumbani chumba kilinuka rangi, na mkewe alishaanza kuanika nguo kwenye lile bomba la ukutani. Akajifuta grisi, akampigia kaka yake kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima. Simu iliita, ikaita, kisha ikakatwa. Akangoja kidogo kuona kama kuna ujumbe utakaofuata. Haukuja. Kinyozi hakuwa na programu yoyote kwenye simu yake. Alikata kwa kidole chake mwenyewe.